TULIPANDA MLIMA PAMOJA NA MAMA

Msomaji mpenzi, je, umepata kuupanda mlima ule uliozaliwa chini yake? Huenda utacheka na kusema: "Mimi nina kazi shambani, mlima ni wa wageni." Hata mimi nilisema hivyo miaka mingi. Kila siku nikifungua dirisha la ofisi ya parokia nawaona watu waliotoka Ulaya, Marekani na Japani wakipita kwenda Kilimanjaro. Wamelipa nauli kubwa, wameacha kazi na watoto wao, ili waone kwa macho yao kitu ambacho sisi tumekipa kisogo. Nasi tunaokunywa maji ya mlima huo tangu utotoni hatujui hata njia yake ilivyo. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami mwaka huu nimepona kidogo, na leo nataka kukusimulia jinsi ilivyokuwa.

MAMA ATOA AMRI

Mama yetu ana miaka 69. Tangu usichana wake amekata majani ya ng'ombe kandokando ya msitu, katika ule ukanda tunaouita nusu maili, lakini kupita hapo hajapata kamwe. Jioni moja ya mwezi wa Agosti, tulipokuwa tukimenya ndizi, alisema: "Nataka kuona maji yanakotoka kabla sijafa. Na ninyi wawili ndio mtakaonipeleka."

Alisema "ninyi wawili" kwa makusudi. Yakupasa ujue, msomaji, kwamba mimi na kaka yangu tulikuwa hatusemezani vema tangu Oktoba ya mwaka uliopita. Kisa ni maji ya mfongo. Vihamba vyetu vimepakana, na mfongo mmoja ndio unaotunywesha sote. Wewe uliyekulia kwetu wajua desturi: maji huchepushwa kwenye banio huko juu korongoni, hufuata mgongo wa kilima, na kila nyumba huwa na zamu yake. Usiku mmoja wa kiangazi zamu ilikuwa yangu. Nilikwenda na taa saa tisa usiku, nikakuta maji yote yamegeuzwa kwenda kwa kaka yangu, na mboga zangu zimekauka. Asubuhi nilimfuata mlangoni pake, nikamwita mwizi wa maji mbele ya mke wake na watoto wake. Yeye hakujibu neno. Nami nikajiambia: "Anyamazaye amekiri."

Tangu siku hiyo tulisalimiana kama watu wanaokutana sokoni. Mama aliona yote, akanyamaza mwaka mzima. Kisha ndipo akatoa amri hiyo.

MATAYARISHO

Tulichagua Jumamosi moja ya mwezi wa Septemba, watoto wakiwa likizo na njia ikiwa kavu. Tulikuwa sita: Mama, kaka yangu, mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka 12, na mtoto wa kaka mwenye miaka 14. Tulikubaliana kwenda Mandara, kituo cha kwanza cha njia ya Marangu, na kurudi siku ile ile. Lango la Marangu liko kwenye kimo cha meta 1,860 hivi juu ya bahari. Mandara ni meta 2,720 hivi. Mwendo ni kilometa kama 8 kwenda, na 8 nyingine kurudi. Kwa mtu anayekwenda taratibu ni saa tatu au nne kupanda, na pungufu ya hapo kushuka.

Mke wangu alifunga ndizi za kuchoma, mayai, viazi vitamu na chupa mbili za chai. Kila mmoja alibeba sweta na kitu cha kujikinga na mvua, kwani huko juu jua na mvua hupokezana kama walinzi. Mama alivaa raba za mjukuu wake. Katika hifadhi si ruhusa kupanda bila kiongozi, nasi tulichukua vijana wawili wenye kibali, na hilo lilitufaa sana kama utakavyoona.

Kitu kimoja tu kilikwenda kombo tangu mwanzo, na kosa lilikuwa langu. Tulipatana kuondoka alfajiri. Lakini mimi nilipita ofisini nikamalizie matangazo ya ndoa ya Jumapili, ambayo ningeweza kuyamaliza Ijumaa. Wenzangu walinisubiri njiani muda mrefu. Kwa hiyo badala ya kuanza kupanda saa mbili, tulianza saa nne kamili. Kaka yangu alitazama saa yake, hakusema kitu.

NDANI YA MSITU

Ukishaandikwa jina langoni, hatua chache tu umekwisha kumezwa na msitu. Kelele za magari hukatika ghafula. Miti ni mikubwa, watu watatu hawawezi kukumbatia shina moja. Juu tuliona mbega wamekaa kwa utulivu katika makoti yao meusi yenye mabega meupe, mikia ikining'inia kama mishipi ya maharusi. Kando ya njia kuna ua dogo jekundu na njano, umbo lake kama mkonga wa tembo. Kiongozi wetu alituambia ua hilo haliko popote duniani ila katika mlima huu. Binti yetu alichuchumaa akalitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Baba, kwa nini shuleni hatukuambiwa?" Mimi niliyesomea ualimu sikuwa na jibu.

Tukienda hivyo niliwasimulia watoto habari za zamani. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliuona mlima huu kutoka mbali, ukiwa na kitu cheupe kileleni. Kiongozi wake Mwafrika hakuwa na jina la kitu kile, alikiita "baridi" tu. Rebmann akaandika kwamba ni theluji, na baadhi ya wataalamu wa Ulaya wakamcheka, wakisema haiwezekani theluji kukaa karibu na ikweta. Miaka 41 baadaye, Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, ambacho leo twajua kina meta 5,895. Watu wa Marangu humtaja Yohani Kinyala Lauwo miongoni mwa wenyeji waliowaonyesha wageni njia za mlimani. "Basi," alisema Mama, "yule aliyesema ni baridi hakukosea." Sote tukacheka, hata kaka yangu.

MAJI YANAKOTOKA

Mama, kama wazee wengi wa kwetu, aliamini kwamba maji ya mifongo ni theluji ya Kibo iliyoyeyuka. Kiongozi mmoja, kijana mpole aliyesomea kazi yake, alisimama penye mti mkubwa. Shina lake lilikuwa limevikwa majani madogo laini ya kijani, manene kama sufu ya kondoo. Akamwambia: "Bibi, weka kiganja chako hapa ukandamize kidogo." Mama akaweka. Maji yakatoka kati ya vidole vyake, yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Na mvua haikuwa imenyesha siku nne!

Msomaji, jambo hili ni kubwa, nami nakuomba ulishike. Wataalamu wamepima mvua ya mlima wetu. Katika msitu wa upande wa kusini, kwenye kimo cha meta 2,200 hivi, hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Huko juu kabisa Kibo hazifiki hata 300. Yaani Kibo ni pakavu kama jangwa, na mvua yetu iko msituni. Tena msitu hukamata ukungu unaopita, ukaunywa kwa majani na magome, kisha huachilia maji polepole ardhini hata kiangazi. Hapo ndipo chemchemi hutoka, na mito, na mifongo yetu, na mwisho maji mengine hufika bwawa la Nyumba ya Mungu na mto Pangani mpaka baharini. Theluji huchangia kidogo tu.

Hiyo theluji yenyewe inakwisha. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilienea kilometa za mraba kama 12. Kufikia mwaka 2011 zilibaki pungufu ya 2. Hilo ni la kusikitisha, lakini sisi wa vijijini yatupasa kuogopa zaidi moto. Katika Oktoba 2020 moto uliwaka mlimani siku nyingi, na watu wa vijiji walipanda kusaidia kuuzima. Tena Oktoba 2022 ukawaka mwingine. Moto hula vichaka virefu vya juu vinavyokinga ukungu, na panapoungua mara kwa mara miti hairudi upesi. Mrina asali anayeacha kinga cha moto kinafuka mtini, na mtu anayechoma majani shambani siku ya upepo, wote wawili wanacheza na maji ya mfongo wa jirani zao.

Mama alijipangusa mkono kwenye kanga, akasema taratibu: "Kumbe nimekata majani miaka hamsini mlangoni pa tangi la maji, nisijue."

KOSA LANGU LA PILI

Saa sita ilipofika tulikuwa kidogo tu mbele ya nusu ya njia. Mimi nilianza kuwa na wasiwasi wa kuchelewa, na badala ya kukiri kwamba nimechelewesha watu, nikafanya kama mwalimu wa michezo. Nikatangaza: "Mtoto atakayefika Mandara wa kwanza nitamnunulia soda!" Kiongozi akasema: "Mzee, mlimani hatukimbii." Kaka akasema: "Waache waende na Bibi yao." Lakini neno lilikuwa limekwisha toka, na kijana wa kaka alikwisha toka nalo mbio. Kiongozi wa pili akamfuata.

Tulipofika Mandara saa saba na nusu, tulimkuta kijana amekaa chini ya ukuta wa nyumba ya mbao, uso umepauka, ametapika mara mbili, anashika kichwa. Ikajulikana kwamba asubuhi hakula kitu kwa furaha ya safari. Ongeza mbio, ongeza kimo, na maji hakunywa. Kiongozi akasema wazi: "Kwenye kimo kama hiki wengine huumwa kichwa. Aumwaye kichwa na kutapika hapandi hata hatua moja zaidi. Dawa yake ya kwanza ni kushuka."

Sasa ilibaki mwendo wa dakika kama 15 tu hadi kreta ya Maundi, ambapo Mama alitaka sana kufika, na ambapo mimi nilikuwa nimeota kufika tangu utoto. Nilimtazama kaka nikingojea anitupie maneno, na hakika nilistahili. Alimpangusa mwanawe uso, akasema tu: "Nitashuka naye. Ninyi mpelekeni Mama."

Msomaji mpenzi, kuna wakati mtu huonekana mwenyewe kama alivyo. Nikasema: "Hapana, Kaka. Mimi ndiye niliyemkimbiza. Mimi nitashuka naye. Wewe mpeleke Mama." Tukatazamana. Mama akaamua: "Mdogo ashuke na mtoto." Basi kiongozi mmoja akaenda nao juu, na mmoja akashuka nasi.

NENO LA MTOTO

Tulishuka hatua kwa hatua, nimemshika mkono. Nilimpa maji funda moja moja. Baada ya saa moja hivi rangi ya uso wake ikarudi, na tulipofika mahali pa kupumzikia alisema kichwa kimepungua. Nikampa ndizi, akala yote, kisha nyingine. Kiongozi akatuambia hatari imepita, lakini tuendelee kushuka.

Tulipokuwa tumekaa pale akaniita: "Baba mdogo." Nikamwitikia. Akatazama viatu vyake. Kisha akasema: "Ule usiku wa maji si Baba aliyefungua. Ni mimi. Jioni nilipewa kazi ya kufunga mfongo zamu yetu ilipokwisha, nikaenda kucheza mpira, nikasahau. Ulipokuja asubuhi kumgombeza Baba niliogopa kusema. Baadaye nilimwambia. Akasema ni yeye mwenye nyumba, basi lawama ni yake."

Sikuweza kumjibu upesi. Nilikumbuka maneno niliyoyatamka mlangoni pa kaka yangu, mbele ya mke wake na watoto wake. Nilikumbuka jinsi alivyonyamaza, nami nikauhesabu unyamavu wake kuwa ushahidi. Mwaka mzima alikuwa amebeba aibu ile ili mwanawe asiitwe mwizi na baba yake mdogo. Nami ni karani. Kazi yangu ni kuandika sawasawa mambo ya watu katika vitabu! Hili nililiandika kwa makosa, na sikuuliza swali hata moja.

Nikamwambia kijana: "Umefanya vema kusema. Kusahau mfongo ni kosa dogo. Langu ni kubwa zaidi."

ALICHOKIONA MAMA

Wenzetu walitukuta langoni kabla ya saa kumi na mbili. Mama alichechemea kidogo, lakini uso wake uling'aa. Mimi sikuiona Maundi siku ile, kwa hiyo nakupa yale aliyonisimulia yeye.

Alisema ni kama bakuli kubwa lililotelekezwa, lina majani ndani yake, na miti ya pembeni imeota ndevu za kijivu kama wazee. Alikaa ukingoni. Mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu, hata akadhani amepanda bure. Kisha upepo ukavuma na Mawenzi ikatokea imechongoka, halafu Kibo, kwa muda wa Salamu Maria tatu hivi, ndipo pazia likafungwa tena. "Nilipokuwa msichana," alisema, "nyeupe ile ilikuwa shuka. Sasa ni kitambaa kilichochanika." Upande wa pili aliona tambarare za Kenya, zimekauka, rangi ya ngozi ya simba. Kisha akatazama chini kwetu akaona kijani kitupu. "Nikajua ni nini kinachotutenga na ukame ule," alisema. "Ni ule msitu niliougusa."

JANI LA ISALE

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi kabla ya Misa ya kwanza nilikwenda kwenye mpaka wa vihamba vyetu, nikakata jani la isale, nikalifunga fundo kama babu zetu walivyotufundisha. Wewe wa kwetu huhitaji maelezo. Kwa msomaji wa mbali nasema tu kwamba anayekuletea jani hilo anaomba radhi, na kulikataa ni jambo zito. Nikabisha hodi kwa kaka. Mke wake na watoto walikuwapo, nami nilitaka wawepo, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomtukana.

Nikasema: "Kaka, nilikuita mwizi. Hukuwa mwizi. Nisamehe, na ninyi nyote mliosikia mnisamehe."

Akalipokea jani. Akaligeuzageuza mkononi. Kisha akasema: "Zamu yako ni Alhamisi. Safari hii usichelewe kama jana." Shemeji yangu akaangua kicheko, na kikombe cha chai kikaletwa. Habari hii naiandika kwa ruhusa ya kaka na ya kijana wake.

UKITAKA KWENDA NA JAMAA YAKO

Msomaji, kama nawe unakaa karibu na mlima, panga siku moja uende na watu wa nyumbani kwako. Kwanza, uliza mapema ada na masharti langoni, kwani wananchi wana kiwango chao, na uchukue kiongozi mwenye kibali. Pili, anza asubuhi mapema, maana mawingu hupanda mchana. Tatu, kila mtu ale kabla ya kuondoka, anywe maji njiani mara kwa mara, abebe sweta na kinga ya mvua. Nne, mwendo uwe wa yule aliye dhaifu kuliko wote. Mzee au mtoto ndiye awe saa yenu. Tano, aumwaye kichwa na kutapika ashuke mara moja, hata kama mmebakiza hatua kumi. Sita, msiache taka wala moto, wala msing'oe kitu.

Nami naongeza la saba, ambalo sikulisoma katika kitabu chochote. Ukiwa na neno na ndugu yako, tembea naye siku nzima katika njia nyembamba, mkigawana chai ya chupa moja. Alhamisi ile nilikwenda kwenye mfongo saa tisa usiku na taa yangu. Nilimkuta kijana wa kaka amekwisha kufika. Alikuwa amefunga upande wao kwa mgomba na udongo, barabara kabisa, na maji yalikuwa yakija kwangu.